Kuongeza Chumba kwa Mikono Yetu: Chumba Kipya Kisimame kwa Miguu Yake

Somo la kujifunza pamoja katika kikundi

Shabaha ya somo: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kueleza (1) kwa nini chumba kilichoongezwa hupasuka pale kinapokutana na nyumba ya zamani, (2) namna ya kukijenga kisipasuke, na (3) namna ya kupanga msaada wa jamaa bila kugombana.



Ukitembea vijijini kwetu, kuanzia Ogembo hadi Keroka, au kutoka Nyamira mjini kwenda Nyansiongo, utaona nyumba nyingi zilizoongezwa. Upande mmoja ni nyumba ya zamani, upande wa pili ni chumba kilichojengwa baadaye, mabati yake bado yanang'aa. Ukisogea karibu, mara nyingi utaona ufa umesimama kutoka chini hadi juu, pale pale ukuta mpya ulipokutana na ule wa zamani. Maji hupita hapo, mchwa hupanda hapo. Kila mwaka mwenye nyumba anapaka udongo au simiti, na kila mwaka ufa unarudi.

Watu husema, "Fundi alituharibia." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilianza kabla fundi hajaitwa: familia iliamua chumba kipya kiegemee nyumba ya zamani ili kupunguza gharama ya ukuta mmoja. Somo hili lote lina neno moja la kukumbuka: chumba kipya kisimame kwa miguu yake.

1. KWA NINI UFA UNATOKEA

Nyumba ya zamani imeshakaa. Uzito wake umekandamiza udongo chini yake kwa miaka 10 au 20, na sasa haushuki tena. Chumba kipya ni kama mtu anayelala mara ya kwanza kwenye godoro jipya, ni lazima libonyee kidogo. Mvua kubwa ya kwanza ikilowesha udongo, chumba kinashuka tena kidogo. Si jambo la ajabu, kila jengo hufanya hivyo.

Shida ni pale tulipovifunga viwili pamoja. Cha zamani hakishuki, kipya kinashuka, basi kitu fulani lazima kikatike. Kama ukuta wa zamani ni wa udongo na fito, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tumeupachika uzito wa paa jipya ambao haukujengwa kubeba. Nguzo zake nyingine zimeshaliwa na mchwa chini ya ardhi, mahali ambapo macho hayafiki.

2. KABLA YA JEMBE LA KWANZA

Kaeni kama familia mjibu maswali matatu.

Nani atalala humo? Hili ndilo linaamua mlango utakaa wapi. Katika mila yetu ya Abagusii kijana aliyekwisha tahiriwa hulala esaiga, nyumba yake mwenyewe, na chinsoni, yaani kanuni za heshima kati ya wazazi na watoto, bado zina nguvu katika maboma mengi. Basi chumba cha kuongezwa mara nyingi ni cha nyanya aliyezeeka, cha mabinti, cha mgonjwa, au ni jikoni na stoo. Kama ni cha nyanya, mlango uelekee upande wa choo na usiwe na ngazi ndefu. Kama siku moja kitakaliwa na mtu mzima mwingine, kipe mlango wa nje tangu mwanzo. Kubomoa ukuta baadaye ni gharama.

Ardhi ni ya nani? Maboma mengi yamejengwa kwenye shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu aliyefariki. Kabla ya kuweka mawe na simiti ambayo huwezi kuhamisha, ndugu wote wanaohusika wakubaliane mpaka uko wapi, wazee wakiwa mashahidi, na iandikwe. Akina mama, hapa kuna jambo lenu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inatambua mchango wa mume au mke hata usipokuwa wa pesa, na inatambua pia mchango wa kuboresha mali iliyokuwa ya mwenzako. Maji uliyobeba na watu uliowapikia ni mchango. Andika.

Ruhusa je? Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeipa serikali ya kaunti kazi ya kutoa ruhusa ya ujenzi. Nenda ofisi ya kaunti iliyo karibu nawe uulize wanachotaka, hasa kama boma lako liko karibu na mji au barabara kubwa. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuwekewa alama nyekundu ukutani baada ya kumaliza.

3. KUCHAGUA UPANDE

Kwetu ni nchi ya milima. Nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko, na mvua kwa mwaka hupita milimita 1,500. Kwa hiyo angalieni maji kwanza.

Upande wa juu wa mteremko: Itabidi ukate udongo. Ukuta wa udongo uliokatwa huanguka wakati wa mvua, na umeshaua watu. Acha angalau futi 3 kati ya chumba na ule udongo, na uchimbe mtaro wa kupitisha maji pembeni.

Upande wa chini wa mteremko: Itabidi ujaze. Msingi usikae juu ya udongo uliojazwa. Lazima uchimbe kupita ule wa kujaza mpaka ufikie udongo wa asili ulio mgumu.

Upande wa pembeni, usawa na nyumba: Huu ndio mzuri, kama una nafasi.

Waulizeni wazee choo cha zamani kilikuwa wapi. Shimo lililofukiwa miaka 15 iliyopita bado ni laini, hata kama leo pana migomba mizuri juu yake. Usijenge hapo. Pia usizibe dirisha la jikoni la nyumba ya zamani. Tutarudi kwa jambo hili.

4. KUNA NJIA MBILI

Njia ya kwanza: nyumba ya zamani ni ya udongo.
Usiiguse. Acha nafasi ya hatua moja, kama futi 3, kati ya nyumba ya zamani na chumba kipya, na chumba kiwe na kuta zake nne. Ile nafasi ya katikati ifunikwe na paa la chumba kipya, ipite chini ya mabati ya nyumba ya zamani bila kupigiliwa kwenye nguzo zake. Utapata ujia mkavu wa kuweka kuni na kupita usiku bila kunyeshewa.

Mtu atasema, "Ukuta wa nne ni hasara." Jameni, hebu tufikirie. Nyumba ya udongo ina siku zake. Siku itakapobomolewa, chumba kilichoiegemea kitabomoka nayo. Lakini chumba chenye kuta nne kitabaki kimesimama, na hicho ndicho kitakuwa chumba cha kwanza cha nyumba mpya. Familia haitaanza tena kutoka sifuri. Basi ule ukuta wa nne ni akiba.

Njia ya pili: nyumba ya zamani ni ya matofali au mawe, na haina nyufa.
Hapa unaweza kujenga kuta tatu. Lakini usiyatoboe matofali ya zamani ili kuyafunga na mapya. Acha kiungo kilichonyooka kutoka chini hadi juu. Mwisho wa kila ukuta mpya, pale unapokutana na wa zamani, jenga nguzo ya matofali iliyo nene kuliko ukuta, ili ujishikilie wenyewe. Usipige plasta juu ya kiungo mwaka wa kwanza. Funika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu. Mvua za mwaka mmoja zikishapita na chumba kimeshakaa, ndipo uzibe.

Kama nyumba ya matofali tayari ina nyufa kubwa, ichukulie kama nyumba ya udongo. Rudi njia ya kwanza.

5. MSINGI

Kwanza chimba shimo dogo kando ya ukuta wa zamani uone msingi wake umeishia wapi. Usichimbe kamwe chini ya msingi huo. Ukiona udongo mgumu uko chini zaidi kuliko msingi wa zamani, simamisha kazi umwite fundi mwenye ujuzi, au usogeze chumba mbali.

Pembe za chumba: Huhitaji chombo cha bei. Chukua kamba, pima futi 6 upande mmoja na futi 8 upande wa pili. Kati ya zile ncha mbili ikiwa futi 10 kamili, pembe yako imenyooka. Kisha pima kona kwa kona, yaani mshazari. Mishazari miwili ikilingana, chumba kiko sawa.

Usawa: Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ukiwa umejazwa maji bila mapovu, unatosha. Maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja hata kona ikiwa upande wa pili wa nyumba.

Chimba mtaro wa upana wa futi 2, kina cha futi 2 hadi 3, au zaidi mpaka ufikie udongo mgumu. Ndani mwaga zege ya unene wa inchi 8: simiti debe 1, mchanga madebe 3, kokoto madebe 6. Pimeni kwa debe, si kwa macho. Mfuko wa simiti wa kilo 50 ni karibu debe moja na robo tatu. Sepetu ya kijana na sepetu ya mzee hazilingani, lakini debe ni debe.

Tuchukue mfano. Chumba cha futi 10 kwa 12 chenye kuta nne kina mzunguko wa futi 44. Zege ya msingi itakula simiti mifuko 7 hadi 8. Sakafu ya unene wa inchi 4 (simiti 1, mchanga 2, kokoto 4) itakula karibu mifuko 7 mingine. Kuta na plasta ni hesabu nyingine, inategemea ukubwa wa matofali yako. Panga matofali chini mpaka yajaze futi 1 kwa futi 1, uyahesabu, kisha uzidishe kwa ukubwa wa kuta.

Juu ya msingi, kabla ya ukuta kupanda, tandika ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu. Ukiiacha, ukuta utanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na nyanya atakuwa anakohoa mwaka mzima.

6. KUTA

Matofali ya kuchoma ya mabondeni ni mazuri kama yameiva. Gonganisha mawili: yakilia kama chuma ni mazuri, yakilia kama udongo yaache. Angusha moja kutoka kimo cha kiuno. Likivunjika vipande vingi, usinunue lori lote. Kabla ya kujenga, lowesha matofali ili yasinyonye maji ya simiti.

Mchanga ujaribiwe hivi: weka mchanga nusu chupa, ujaze maji, utikise, uache mpaka kesho. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, huo si wa simiti.

Mchanganyiko wa kujengea: simiti 1 kwa mchanga 6. Usipandishe ukuta zaidi ya futi 4 kwa siku moja, hata kama watu ni wengi na wana nguvu. Ule wa chini haujashika bado. Kila mistari mitatu tumia timazi. Ukuta ukianza kulala, unyooshe leo, kesho hautakubali.

Juu ya mlango na madirisha weka linta ya zege yenye nondo. Nondo zikae karibu na upande wa chini wa linta, kwa sababu hapo ndipo inapovutwa na uzito. Linta ilale juu ya ukuta angalau inchi 6 kila upande.

Zege na kuta zinahitaji kunyweshwa maji kwa siku 7. Simiti haikauki kama nguo kwenye kamba, inakomaa kwa maji. Ikikauka upesi juani, inakuwa dhaifu. Funika kwa majani ya migomba au magunia, umwagilie asubuhi na jioni.

7. PAA

Miti ya mikaratusi tunayo mingi, lakini mti uliokatwa juzi hujipinda ukikauka na kuvuta mabati. Kateni miezi kadhaa mapema, toeni maganda, mpange kivulini juu ya mawe ili hewa ipite na mchwa wasifike.

Mteremko: kwa kila futi 4 kwenda mbele, paa lishuke angalau futi 1. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu ukuta wa nyumba ya zamani ni mfupi na paa jipya linakosa nafasi ya kushuka. Pimeni jambo hili kabla ya kuchimba msingi! Pengine chumba kiwe chembamba kidogo, au kipewe paa lake lenye pande mbili.

Mabati yapandane inchi 6 au zaidi juu na chini, na pembeni mawimbi mawili. Msumari upigwe juu ya wimbi, si bondeni maji yanapopita. Mabati ya geji 30 ni mazito kuliko ya geji 32, na kwetu mvua ya mawe si mgeni.

Sasa maji ya paa la zamani yatamwagikia paa jipya. Weka gata kati yao au mwisho wa paa jipya. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 15 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,500, hupata lita 22,500 kwa mwaka. Hata tukitoa yanayopotea, zaidi ya lita 18,000 zinabaki. Hizo ni safari za mtoni mia tisa kwa mtungi wa lita 20. Gata ni punguzo la kazi ya mama.

8. HEWA, MOSHI NA MBU

Dirisha liwe angalau sehemu 1 ya 10 ya ukubwa wa sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina futi za mraba 120, basi madirisha yawe angalau futi za mraba 12 kwa jumla. Usiku wa baridi watu wa milimani huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Chumba cha kulala kisiwekwe jiko, basi.

Mbu wa malaria huingia hasa kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Miaka ya 1990 nyanda zetu zilikumbwa na mlipuko mkali wa malaria, na wengi wetu tunakumbuka. Ziba nafasi hiyo kwa wavu mdogo wa waya, hewa ipite, mbu abaki nje.

9. KUTOBOA MLANGO WA KATI

Kama mnataka mlango kutoka nyumba ya zamani, hiyo iwe kazi ya mwisho kabisa, paa jipya likiwa limekamilika. Ukuta wa matofali: kwanza weka miti ya kushikilia pande zote mbili, toboa nafasi ya linta, weka linta, ingoje ikomae, ndipo utoe matofali ya chini. Ukuta wa udongo: usitoboe. Tumia mlango uliopo na ule ujia.

10. MSAADA WA JAMAA

Wazee wetu walijua kazi hii. Walikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha kusaidiana kwa zamu, na risaga, watu wengi wakialikwa siku moja na mwenye kazi akiwaandalia. Katika egesangio kila mtu alijua siku alizotoa na siku anazodaiwa. Leo tunasema "jamaa watasaidia," lakini hatusemi nani, lini, na nini. Hapo ndipo chumba husimama nusu miaka mitatu.

Daftari: Andika majina na siku. Shemeji wa Nairobi anayetuma pesa kwa simu, andika. Binamu aliyetoa miti 6, andika. Kijana aliyechimba siku 2, andika. Daftari hili si la kudai watu. Ni la kukumbuka, ili siku yao ikifika nawe uende.

Kazi isiyoonekana: Turudi kwa mfano wetu. Zege ya msingi na sakafu, mifuko kama 15, inahitaji zaidi ya lita 400 za maji ya kuchanganya, yaani zaidi ya mitungi 20. Kama kwenda na kurudi kisimani ni nusu saa, hiyo ni zaidi ya saa 10 za kutembea, kabla hata ya maji ya kunywesha kuta na ya kupika. Nani atabeba? Mkisema "wamama wapo," mmeshakosea hesabu. Mama hawezi kubeba maji ya simiti, apike ugali wa wimbi na chinsaga ya watu 12, na bado achume majani chai siku hiyo hiyo. Vijana wabebe maji siku moja kabla, wajaze mapipa.

Chakula ni gharama: Watu 12 kwa siku 6 ni sahani 72 za mchana. Iweke kwenye bajeti pamoja na misumari. Wakati mwingine ni nafuu kualika watu 5 wanaojua kazi kuliko 15 wa kuangalia.

Majira: Zege na kuta zifanyike Desemba hadi Februari, mvua ikiwa imepungua na watu wa mjini wako nyumbani. Mawe, mchanga na miti vikusanywe polepole kuanzia Julai. Simiti inunuliwe wiki ya kazi tu. Ikikaa kwenye unyevu inakuwa jiwe ndani ya mfuko.

Fundi wa kulipwa: Kujenga wenyewe si kukataa fundi. Mlipe kwa siku tatu muhimu: siku ya kupima na kuweka kamba, siku ya linta, na siku ya kuinua paa. Andikeni mapatano mbele ya shahidi, mlipe kwa awamu, kila kazi ikimalizika.

11. USALAMA

Watoto wasipande juu wala wasiingie kwenye mtaro wa msingi. Siku ya shule ni ya shule.

Mtaro ukipita futi 4, kingo zake zaweza kuanguka. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo.

Ngazi ikipanda futi 4, mguu wake utoke nje futi 1, na mtu aishikilie.

Simiti mbichi inachoma ngozi. Nawa mara moja, na usiingie ndani ya zege bila viatu.

Radi hupiga sana katika nchi yetu. Ukisikia ngurumo, shuka kutoka kwenye mabati na uache vyuma. Mara nyingi mvua yetu huja alasiri, kwa hiyo kazi ya paa ianze asubuhi na mapema.

Pombe ya risaga, kama ipo, ije baada ya ngazi kuondolewa.

12. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

(a) Katika kijiji chetu ni vyumba vingapi vilivyoongezwa vina ufa? Ufa uko wapi? Nendeni mkaone watatu watatu, mkiomba ruhusa ya mwenye nyumba.

(b) Nani kati yetu anapanga kuongeza chumba Desemba ijayo? Aeleze ni cha nani na atatumia njia ipi kati ya zile mbili.

(c) Kikundi kinaweza kununua vifaa gani vya kuazimana? Pendekezo: wilbaro, pima maji, timazi, mpira wa maji, ngazi imara, na madebe mawili ya kupimia.

(d) Katika familia zetu, kazi ya nani haiandikwi?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao kila mmoja achimbe shimo dogo, futi 3 kwenda chini, pale anapotaka kujenga. Aangalie udongo unabadilika wapi kutoka laini kuwa mgumu, kisha alifunike ili mtoto au ng'ombe asianguke. Aje na kipimo hicho kikiwa kimeandikwa. Fundi wa kikundi asaidie kusoma vipimo vyote, na mwenye udongo laini kabisa ndiye azungumziwe kwanza.